Sura ya Tano: Meli Iliyopita Nchi Kavu

Meli ya mvuke inayojulikana kuliko zote katika historia ya nchi hii ilipita Bahi. Ilipita kwa treni, imefunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikitoka Dar es Salaam kwenda Kigoma. Njia nyingine haikuwapo. Reli ya Kati ndiyo pekee iliyounganisha bandari ya Dar es Salaam na Ziwa Tanganyika, na reli hiyo ikishatoka Dodoma hupita Kigwe, ikafika Bahi, ikakata ile nchi tambarare ya mbuga, kisha ikaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Saranda na Manyoni. Kila bamba la chuma, kila bolti na kila bomba la ile meli lilivuka Ugogo, nchi ya Wagogo, mahali ambapo kwa miezi saba au minane ya mwaka mtu huwaza maji ya kunywa kabla ya kuwaza maji ya kuelea.

Ndiyo maana sura ya meli nimeianzia bara. Vitabu vyetu huziacha meli pwani, kana kwamba zilikuwa mambo ya Unguja, Mombasa na Bagamoyo tu. Lakini ukitaka kuelewa chombo hiki kilivyoubadilisha ukanda huu, simama katikati ya nchi, mahali kilipopita kikiwa mzigo.

Kwanza tuafikiane kuhusu jina, maana hapa wengi huchanganya.

Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Waanglikana Unguja, alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili mara ya kwanza mwaka 1870. Katika lugha ya mji huo aliyokuwa akiiandika, chombo kikubwa cha kigeni kiliitwa merikebu, neno lililotoka kwa Waarabu. Ili kujua merikebu ya namna gani, msemaji aliongeza sifa: ya matanga, ya milingote mitatu, ya serikali. Hii mpya, iliyokwenda hata upepo ukiwa umelala, ikawa merikebu ya moshi, au merikebu ya dohani. Watu walikitaja kile walichokiona. Mtu aliye ufukweni haoni mvuke ukifanya kazi. Anaona dohani na moshi mweusi unaotangulia kujitokeza kabla ya chombo chenyewe. Kwa mantiki hiyohiyo, reli ilipokuja, treni ikawa gari la moshi.

Neno la pili, meli, lilikuja na barua. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 kampuni ya British India ya William Mackinnon ikapewa mkataba wa kuleta barua za serikali ya Uingereza hadi Unguja. Kuanzia hapo kulikuwa na chombo kilichotarajiwa kwa tarehe. Mfanyabiashara wa karafuu, mdeni wa Kihindi, karani wa ubalozi, wote walikuwa na sababu ya kutazama bahari siku fulani ya mwezi. Kwa Kiingereza barua hizo ni mail, nasi tukaichukua sauti hiyo tukakibandika chombo kizima. Kwa hiyo neno tulilonalo leo kwa kila chombo kikubwa cha majini, hata kinachobeba saruji au mafuta, lilianza kwa mfuko wa posta. Wakati huohuo manowari lilikuwa limeshajichukulia upande wa vita, nalo ni la Kiingereza vilevile. Sultani Barghash, ambaye hakutaka kubaki mtazamaji, alijinunulia merikebu zake za moshi. Mashuhuri zaidi ilikuwa Glasgow, iliyoundwa mwaka 1878 na kuzamishwa na mizinga ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia.

Neno la tatu ni stima. Hili ndilo lililobeba mvuke ndani yake, maana ndilo jina la Kiingereza la chombo chenyewe, na liliota mizizi kwenye maziwa. Kwa watu wa Ziwa Victoria, stima ilikuwa ile iliyounganisha Kisumu, Entebbe, Bukoba na Mwanza. Nitalirudia baadaye, kwa sababu limefanya vituko.

Sasa kuna herufi zinazoandikwa mbele ya jina la meli, ambazo magazeti yetu huzitumia kama pambo. SS maana yake chombo kinakwenda kwa mvuke. MV maana yake kinakwenda kwa injini ya mafuta, kama hizi za malori lakini kubwa. RMS ni chombo kilichopewa kazi ya kubeba barua za mfalme au malkia wa Uingereza. Herufi hizi si sehemu ya jina, bali ni maelezo ya mashine au ya kazi, na mashine ikibadilishwa nazo hubadilika. Anayeandika SS kwa meli inayotumia dizeli amekosea, na anayeandika MV kwa meli ya mwaka 1930 iliyokuwa ikichochewa moto chini ya boila amekosea pia. Ni kosa dogo, lakini humficha msomaji jambo kubwa: wafanyakazi wangapi walihitajika, meli ilikula kuni au makaa kiasi gani, na ilisimama wapi kuongeza.

Maana moshi hausukumi kitu. Ndani ya meli ya mvuke kuna boila, chungu kikubwa cha chuma kilichofungwa pande zote. Chini yake kuna moto. Ndani yake maji. Maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa mara nyingi kuliko mwanzo, na kwa kuwa hayapewi nafasi hiyo, hutafuta pa kutokea kwa nguvu. Nguvu hiyo hupelekwa kwenye silinda, ikasukuma pistoni, pistoni ikazungusha mhimili, mhimili ukazungusha propela nyuma ya meli. Katika injini nzuri za mwisho wa karne ya 19, mvuke haukuachwa utoke baada ya silinda ya kwanza. Ulipitishwa ya pili iliyo pana zaidi, kisha ya tatu, ukikamuliwa mpaka uchoke. Moshi ni taka za moto tu.

Boila ndiyo iliyoamua historia ya Ugogo katika jambo hili, nami naona wanahistoria wameipita haraka mno.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikatiza Ugogo. Baada ya Mpwapwa kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, jina linalolalamikia maji yake, kisha msafara uliingia katika himaya za watemi wa Kigogo, mmoja baada ya mwingine. Kila mtemi alitoza hongo. Wazungu waliopita huko walijaza vitabu vyao manung'uniko juu ya hongo hiyo, wakawaita Wagogo wanyang'anyi. Mimi siwaungi mkono. Katika nchi kame, kisima ni mali, na chakula cha kuwauzia watu mia tatu wenye njaa hakianguki kutoka mbinguni. Watemi walifanya kile ambacho kila bandari duniani hufanya: walitoza ushuru kwa anayetia nanga.

Vyombo vya majini vilipita njia hiyo zamani kuliko reli. Mwaka 1874 Stanley alitoka Bagamoyo akiwa na mashua yake, Lady Alice, iliyotengenezwa Uingereza kwa vipande vya kubebwa na wapagazi. Ilivuka Ugogo wakati wa mvua na njaa, na mapema mwaka 1875 ikatiwa majini Ziwa Victoria. Miaka michache baadaye wamisionari wa London Missionary Society waliipitisha mashua ya chuma, Morning Star, hadi Ujiji, vipande vyake navyo vikisafirishwa kwa nguvu za binadamu. Lakini zote mbili zilikuwa za makasia na matanga. Ubao wa mashua unaweza kuukata ukawa mzigo wa watu wawili. Boila huwezi kuikata. Ukiikata si boila tena.

Kwa sababu hiyo mvuke uliizunguka Ugogo. Uliingia kwa mlango wa kusini, ambako mito Zambezi na Shire ilibeba uzito sehemu kubwa ya safari. Ilala, merikebu ya moshi ya wamisionari wa Kiskoti, ilifika Ziwa Nyasa mwaka 1875. Good News ya London Missionary Society, iliyotiwa majini Ziwa Tanganyika mwaka 1885, ilifuata njia ileile ya kusini, na Hedwig von Wissmann ya Wajerumani, mwaka 1900, vivyo hivyo. Kwa robo karne, mtu wa pwani aliyetaka kupeleka mvuke Ziwa Tanganyika alilazimika kwanza kushuka kusini mpaka kwenye mlango wa Zambezi.

Reli ndiyo iliyobadilisha hesabu. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, mwaka ambao Vita vya Maji Maji vililipuka kusini. Ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa Februari 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka baharini. Ugogo ikageuka kutoka nchi ya visima vyenye wenyewe na kuwa nchi ya stesheni. Injini za reli zenyewe zilikuwa za mvuke, nazo zilikuwa na kiu kuliko punda wa msafara. Tena zilichagua maji. Bonde kama la Bahi, ambalo mto Bubu huingia lakini hakuna mto unaotoka, maji yake hukaushwa na jua na kuacha chumvi. Maji yenye madini yakichemshwa ndani ya boila hujenga ukoko, moto ukashindwa kupenya, chuma kikaungua. Mhandisi wa reli katika Ugogo alikuwa akitafuta kitu kilekile alichotafuta kiongozi wa msafara miaka 40 kabla yake, maji matamu, isipokuwa yeye hakulipa hongo.

Basi masanduku yakapita. Meli iliyokuwa ndani yake iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha familia ya Meyer, mji wa Papenburg, Ujerumani. Kwanza waliiunganisha nzima kwa bolti ili kuhakikisha kila kipande kinakaa mahali pake, kisha wakaifungua tena na kuipakia kwenda Hamburg na Dar es Salaam. Ilikuwa na urefu wa mita 71 na upana wa mita 10. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, walisafiri nayo ili kuiunga upya Kigoma kwa misumari ya riveti, wakisaidiwa na vibarua wengi wa Kiafrika ambao hakuna kitabu kilichojali kuandika majina yao. Meli ilipewa jina Graf von Goetzen, kwa heshima ya gavana aliyeitawala nchi hii kuanzia mwaka 1901 hadi 1906, yule aliyeizima Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala. Jina hilo lilipitishwa katikati ya nchi ya wakulima na wafugaji bila mtu kuulizwa.

Vita Kuu ya Kwanza vilianza Agosti 1914 kabla kazi haijakwisha. Bandarini Dar es Salaam Wajerumani walijizamishia wenyewe meli yao ndogo ya upimaji, Möwe, na mabaharia wake, chini ya nahodha Gustav Zimmer, wakapandishwa treni kwenda Kigoma. Mabaharia hao nao walipita Bahi. Goetzen iliingia majini tarehe 5 Februari 1915. Julai mwaka huohuo manowari ya Kijerumani Königsberg ilimalizwa na Waingereza katika delta ya Rufiji. Mizinga yake ikaopolewa, na mmoja ukapelekwa kwa reli kufungwa juu ya Goetzen. Ukihesabu vizuri, jeshi la maji la Kijerumani lilisafiri zaidi juu ya mataruma ya reli kuliko juu ya mawimbi.

Waingereza walijibu kwa kupeleka motaboti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Kongo. Ziliikamata meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Vitabu vya Ulaya hukaa sana hapa, kwa sababu kisa ni cha kuchekesha na kamanda wake, Spicer-Simson, alikuwa mtu wa vitimbi. Goetzen yenyewe hawakuigusa. Iliyoimaliza ni hali ya nchi kavu. Mzinga wake uliondolewa kwenda kutumika ardhini, ukawekwa wa mbao ili kumdanganya adui. Wabelgiji wakasogea kutoka Kongo, na tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha kwa mikono yao karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kufungulia maji, wale mafundi waliipaka mitambo yote grisi nzito. Siku 3 baadaye, tarehe 29 Julai, majeshi ya Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, yaliyotokea Kondoa yaliingia Dodoma, na reli ikakatika katikati.

Kwa watu wa Ulaya, kisa cha meli kinaendelea Kigoma. Kwa watu wa Bahi, kinaendelea kwa njaa. Majeshi ya pande zote mbili, yakipishana kandokando ya reli, yalichukua ng'ombe, mtama na uwele, yakachukua na vijana kuwa wapagazi. Mvua ilipokosekana hakukuwa na akiba ghalani wala mikono shambani. Wagogo wanaiita njaa hiyo Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza, anakadiria kuwa kati ya mwaka 1917 na 1920 iliua watu wapatao 30,000 katika nchi yenye watu kama 150,000. Mtu mmoja kati ya watano. Reli iliyoweza kupitisha meli nzima ikiwa masandukuni ilipita katikati ya nchi hiyo muda wote. Hapo ndipo unapojua kuwa chombo cha usafiri hakina huruma yake. Kinabeba alichoamua mwenye amri.

Meli ilikaa chini ya maji. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena katika dhoruba. Waingereza wakaitoa mwaka 1924, na ile grisi ilikuwa imefanya kazi yake: injini zilikuwa nzima. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wakiiita sehemu ya kusini ya ziwa. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, The African Queen, na filamu iliyotengenezwa kutokana nayo mwaka 1951, vilichota kisa cha vita vya ziwa hilo, na tangu hapo watalii wakaja kuitazama. Lakini kazi yake halisi ilikuwa kubeba dagaa, mahindi, vitenge na wagonjwa kati ya Kigoma, Kasanga na Mpulungu, ikisimama katikati ya maji ili mitumbwi iijie, kwa sababu vijiji vingi havina gati. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo kwa makumi ya maelfu. Mwaka 2015 ilikwenda Kagunga kuwachukua Warundi waliokwama ufukweni.

Hayo yote ya karibuni iliyafanya bila mvuke. Katika miaka ya 1970 boila zake ziliondolewa, ikafungwa injini za dizeli. Tangu wakati huo ni MV Liemba, na kuiita meli ya mvuke ni kuitaja kwa nasaba, si kwa hali.

Na lile neno stima? Kenya lilitoka majini likapanda nguzo: leo Nairobi stima ni umeme, na stima ikipotea watu huwasha mishumaa. Huku kwetu halikufika huko. Sisi tuna umeme, na mzee anayesema stima bado anamaanisha chombo cha ziwani. Inafurahisha kwamba reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inaendeshwa kwa umeme, na kipande chake cha kwenda Makutupora kinapita Bahi palepale, chenye stesheni yake. Mkenya angeweza kuiita treni ya stima bila kukosea kwa Kiswahili chake, na Mtanzania angemsahihisha bila kukosea kwa chake.

Nina ombi kwa Shirika la Reli na kwa Halmashauri ya Wilaya ya Bahi. Stesheni ya zamani ya Bahi iwekwe kibao, kwa Kiswahili na kwa Cigogo, kieleze kwamba hapa ilipita meli ya mvuke mwaka mmoja kabla ya kuelea Kigoma, kwamba mzinga na mabaharia walipita hapa pia, na kwamba baada yao ikaja Mtunya. Watoto wa shule za Bahi wanafundishwa juu ya meli za Vasco da Gama. Hii iliyopita mlangoni kwao wanaistahili zaidi.